Yin ya Nini?

Walimleta Fulai nyumbani amelazwa juu ya ubao wa mlango, na jembe lingali kichwani. Hakuna aliyethubutu kulichomoa njiani. Waliombeba waliogopa kwamba likitoka litatoka na vilivyomo, basi wakaja nalo hivyo hivyo, mpini ukiyumba kila walipokanyaga jiwe. Walimtua uani, kando ya jiwe la kusagia. Mama yake alipoambiwa jembe ni la nani, aliacha kulia akaanza kuliita jina la mkwe wake.

Mkwe huyo ni Maixiang. Alikuwa binti wa akina Qu, wa kule juu milimani, akaolewa huku chini kwa akina Dang, na jembe lile lilikuwa la Laihu, mdogo wake wa tumbo moja. Hakuhitaji kuambiwa. Mpini ulikuwa na baka jeusi, mahali Laihu alipouunguza utotoni akichezea makaa, na Maixiang ndiye aliyechapwa kwa kosa lile.

Kuan, mumewe, alimfikia kabla hajapata pa kukimbilia. Alimkamata nywele kwa nyuma, akamburuta hadi penye ubao.

“Tazama! Tazama ndugu yako alichotupikia!”

“Nimeona, Kuan.”

“Hujaona. Sogea uone vizuri.” Akamsukuma uso mpaka pua ikagusa damu. “Shemeji yako huyo. Asubuhi umempakulia uji. Haya mwite, mwambie umepoa.”

Alimwita kweli, kwa sauti ndogo, maana alimpenda. Fulai alikuwa mtu pekee katika nyumba ile aliyemchotea maji bila kuombwa, na watoto wawili wa Maixiang walipokufa kwa ndui, ni yeye aliyewachimbia kaburi. Kuan hayo hakuyajua, au aliyajua na hayakumsaidia. Alimpiga mkewe makofi mpaka mkono wake mwenyewe ukachoka.

Ugomvi ulikuwa wa maji. Ngano ilikuwa ndiyo kwanza inaamka baada ya baridi, mvua hakuna, na akina Qu kule juu wakaliziba lango la mfereji kwa mawe ili wajaze vijishamba vyao kwanza. Akina Dang wakapanda kwenda kulizibua. Mwaka ule nchi haikuwa na mwenyewe: kila jenerali alikuwa na mji wake na kodi yake, na hakimu wa wilaya alikuwa ametoroka na mihuri ya ofisi. Nani angewaamua? Waliamuana wenyewe, kwa majembe, na usinitake niseme nani alianza, kwa sababu kila upande una jibu lake na yote mawili yananichefua.

Baba wa Fulai na Kuan, Mzee Dang Zhongde, hakulia. Yeye alikuwa yinyang, ndivyo wanavyomwita huko mtu wa kupima makaburi, kuchagua siku za harusi na kusema mlango wa nyumba utazame wapi. Kutwa alitembea na dira yake ya mbao, akiwaeleza watu kwamba dunia nzima ni vitu viwili vinavyosukumana na kupeana zamu: yin, ndiyo kivuli, baridi na kimya, na yang, ndiyo jua, moto na kelele. “Na hakuna yin iliyosimama peke yake,” alipenda kusema, kidole kikiwa karibu kuingia jichoni mwa msikilizaji. “Mtu akikutajia yin, muulize: yin ya nini?” Siku ile alimfumba mwanawe macho, akalichomoa jembe kwa mikono yake, akalifuta kwa majani makavu.

“Jeneza halipigwi misumari,” alisema. “Fulai atalala ghalani, kifuniko wazi, mpaka Laihu wa Qu aingie ardhini kabla yake.”

Na kila mtu alijua Laihu angepatikana lini. Katikati ya mwezi ule alikuwa anaoa. Bibi harusi alikuwa wa kijiji cha mbali, mashariki, na siku ya kumfuata ilikuwa imepimwa na Mzee huyo huyo, wakati watu walipokuwa bado wanasalimiana. Siku ikishapimwa haisogezwi. Laihu asingeisogeza, kwanza kwa sababu ya bahati, pili kwa sababu akina Dang wangemcheka.

Jioni ya siku ya tatu wanaume walikutana chumbani kwa Mzee. Maixiang alikuwa jikoni, upande wa pili wa ukuta, anavukuta moto wa kupashia kitanda. Vitanda vya huko ni vya udongo, moto unapita chini yake kutoka jikoni, na palipo na njia ya moshi sauti nazo hupita. Aliiacha mivukuto, akainama.

“Mimi naanza na miguu,” Kuan alikuwa akisema. “Nataka aone inavyotoka.”

“Utaanza na utakachokipata,” Mzee alijibu. “Mbele ya lango letu hawatapita, si wajinga. Tutawangojea Heishi-yin. Hawana njia nyingine.”

“Na magobore?”

“Yote mawili. Na jua litakuwa...”

Mama mkwe aliingia jikoni, na Maixiang akairukia mivukuto kama mtu aliyekuwa hajaiacha. Yaliyobaki yakamezwa na upepo wake. Lakini alikuwa ameshasikia alichotaka: Heishi-yin.

Ngome ya akina Dang imekaa katikati. Kaskazini yake kuna kilima cha Heishi, kusini yake kuna mto wa Heishi. Watu wavivu wa zamani waliona tabu kutafuta majina mawili. Anayetoka kwa akina Qu kwenda mashariki bila kupita mbele ya lango la ngome ana njia mbili tu: azunguke nyuma ya kilima, au avuke mto apite ng'ambo. Na kwa mtoto yeyote wa akina Qu, Heishi-yin ni nyuma ya kilima, mgongo wake usioota jua. Theluji ya huko hungoja mpaka mipichi itoe maua. Maixiang na Laihu waliokota kuni kule utotoni. Siku moja yeye aliogopa kile kivuli akaketi chini analia, na Laihu, kidude kisichofika kiunoni mwake, akamzunguka akimcheka: “Yin haina meno, dada! Yin haina meno!”

Asubuhi ya pili yake alikuja Mama Pang, mshenga. Huyu alikuwa mtu wa sokoni, wala si Dang wala si Qu, na vijiji vyote viwili vilimhitaji kuliko daktari. Alimkuta Maixiang anasukuma jiwe la kusagia, kwa kuwa punda alikuwa amepelekwa kubeba mbao za jeneza.

“Ee, mwanangu, uso umeufanya nini? Umegombana na ukuta?”

“Nimeanguka.”

“Ukuta wenu una vidole vitano. Sijawahi kuona.” Aliketi juu ya gunia, akavua kiatu, akakung'uta mchanga. “Nimechoka mie. Natoka hapa napanda kwenu, na huko nako moto. Bibi harusi anataka machela, abebwe mabegani, hataki kusikia punda. Na huyo ndugu yako anasema machela haipiti nyuma ya kilima kwa ajili ya barafu, basi bibi avumilie punda. Nimwambieje msichana wa watu?”

Maixiang aliliacha jiwe.

“Anapita nyuma ya kilima?”

“Ndivyo asemavyo.”

“Asipite.” Alimshika yule mama mkono kwa nguvu hata akajuta. “Mama Pang, asipite huko, watamuua. Watakuwa nyuma ya kilima na magobore. Mwambie avuke mto, apite ng'ambo, na machela yake na ngoma zake na kila kitu.”

“Una hakika?”

“Nimewasikia kwa masikio yangu.”

Mama Pang alitazama huku na huku. “Wakijua ni wewe?”

“Watanizika mzima.”

“Na mimi watanizika juu yako, tena sijala kitu tangu jana.” Alivaa kiatu polepole. “Haya. Sikubali kwa ajili yako, usije ukanipenda bure. Bwana harusi akifa, ushenga wangu ananilipa nani?”

Alikwenda. Kutwa ile Maixiang alisaga, akapika, akapigwa na mama mkwe kwa mti wa kukandia unga kwa sababu mchuzi ulikuwa na siki nyingi, na moyoni alikuwa na furaha ya siri ambayo alilazimika kuificha kwa kuinamisha kichwa. Akina Dang wangekaa kwenye barafu, magobore magotini, wakingoja mpaka masikio yao yafe ganzi. Laihu angekuwa anapita kule ng'ambo na zumari zake.

Siku yenyewe ilianza kwa jua kali na upepo. Wanaume walitoka lango la ngome wakiwa wamefunga vichwa kwa vitambaa vyeupe vya msiba. Walikuwa na mikuki, miundu iliyofungwa kwenye miti mirefu, na magobore mawili yaliyobebwa na watu wawili wawili. Maixiang alisimama na ndoo karibu na lango ili aone, macho yake yafurahi: wangepinda kaskazini, waanze kupanda.

Hawakupinda. Waliteremka mpaka penye mawe ya kufulia, wakaketi, wakaanza kuvua viatu. Kuan alikunja suruali mguu mmoja, akakunja wa pili.

Nani anakunja suruali ili apande kilima?

“Shangazi,” alimwambia mwanamke mzee aliyesimama pembeni yake, “wanakwenda wapi hawa?”

“Heishi-yin, wapi tena?”

“Mbona wanavua viatu?”

“Watavukaje mto na viatu, mwehu wewe?”

Hapo ndipo alipoelewa, na nasema wazi kwamba ningependa kama asingeelewa kamwe. Mto ni kinyume cha kilima. Kilima huota jua upande wake wa kusini, lakini bonde la mto huota jua ukingo wake wa kaskazini, na ukingo wa kusini ndio yin. Watu wa mtoni wakisema Heishi-yin wanasema ng'ambo. Miaka yote aliyokaa pale alisikia wanawake wakisema “ng'ambo” tu, nendeni ng'ambo mkakate matete, mbuzi yuko ng'ambo. Hilo neno jingine lilikuwa la wanaume na la dira ya Mzee. Lilipopita kwenye njia ya moshi, alilisikia kwa masikio ya kwao.

Aliitupa ndoo. Alikimbia kwa ukingo wa kaskazini, kuelekea juu, kwenye kivuko cha mawe. Miguu ya mwanamke wa enzi ile ilikuwa imefungwa vitambaa tangu utotoni ili isikue, haikutengenezewa mbio, na alianguka akainuka, akaanguka tena. Aliposikia zumari alianza kupiga kelele.

“Laihu! Rudi! Laihu, rudi!”

Kulikuwa na zumari mbili na ngoma na matoazi, na wapigaji walikuwa wamelipwa wapige kwa nguvu. Akina Qu walishuka kutoka upande wao wamevaa vizuri, machela nyekundu tupu katikati, Mama Pang juu ya punda, Laihu mbele na mshipi mwekundu kifuani. Waliingia majini. Jua la mwezi ule hukaa chini, upande wa kusini, na wote walikuwa wamekunja nyuso kwa ajili yake, hawaoni mbele. Katikati ya kivuko Laihu aligeuka akamwona dada yake ukingoni, anapunga mikono yote miwili. Akafurahi. Alidhani amekuja kumtazama anavyooa. Naye akampungia.

Gobore la kwanza lililia kutoka kwenye miti ya mierebi, ng'ambo.

Lilikuwa limeshindiliwa misumari na vipande vya sufuria. Mpiga zumari alipoteza uso wake wote, zumari ikabaki mkononi. Gobore la pili liliua punda, na Mama Pang akaanguka majini chini yake. Halafu akina Dang wakatoka vichakani wakipiga ukelele mmoja, vitambaa vyeupe vichwani, na maji ya kivuko yakawa tope jekundu kwa muda mfupi kuliko ninavyosimulia. Bwana harusi habebi silaha. Laihu alichomoa mti wa kubebea machela, akamvunja taya mtu wa kwanza, akamzamisha wa pili kwa goti, na walipomzunguka alikuwa ameshawaangusha watu ambao mama zao ningeweza kuwataja. Simsifu. Yeye ndiye aliyempiga Fulai jembe, na alimpiga kwa nyuma.

Kuan alimfikia kwa mundu wake mrefu, akamfungua tumbo.

Maixiang alikuwa ameshaingia majini mpaka mapajani. Alimshika mumewe mguu kwa mikono yote, akamng'ata, na Kuan akampiga teke la kifua lililomlaza chali juu ya mawe. Kutoka pale chini alimwona Laihu amepiga magoti, ameushika mshipi mwekundu tumboni kama mtu anayezuia mzigo usimwagike, anamtazama yeye tu.

“Dada,” alisema. “Si ulisema nivuke?”

Kuan aliyasikia. Alisimama na mundu wake, akamgeukia mkewe, na kabla hajamaliza kufikiri jiwe la mtu wa Qu likamkuta bega. Vijana wa Qu walipigana kama wendawazimu mpaka wakamfikia ndugu yao. Walimtupa ndani ya machela iliyokuwa imeandaliwa mkewe, wakaiinua kwa mikono, wakakimbia naye kuelekea kwao, na aliyetaka kuwafuata alikuta mikuki.

Kwa akina Dang waliwakusanya wafu wao uani, karibu na jiwe lile lile la kusagia. Kuan alimleta mkewe kwa nywele, na mwingine akamleta Mama Pang, amelowa, anatoka damu kichwani. Wakawapigisha magoti mbele ya Mzee.

“Akina Qu walijuaje kuvuka?” Kuan aliuliza kwa sauti ya kukwaruza. “Yule mbwa alisema dada yake ndiye aliyemwambia. Nimesikia mwenyewe. Nataka kujua mke wangu alimwambia nini.”

“Mimi ni mdomo tu, Mzee!” Mama Pang alilia. “Mimi natumwa! Laihu alikuwa apite nyuma ya kilima, na punda. Mkwe wenu ndiye aliyenituma. Alisema mwambie avuke mto. Avuke na machela na ngoma na kila kitu. Ndivyo alivyosema, mbingu zinisikie!”

Mzee alimtazama Maixiang, akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Fulai alipoletwa: akacheka.

“Angepita kilimani,” alisema. “Tungekaa kwenye mierebi mpaka jioni kama wapumbavu. Ni wewe uliyemvusha?”

Watu wakaanza kuelewa, yaani wakaanza kuelewa vibaya. Mtu mmoja akapiga kofi, na wengine wakafuata. Mama mkwe, yule yule wa mti wa kukandia unga, alikuja akamwinua Maixiang kwa mkono, akamfuta tope usoni kwa upindo wa nguo yake. Kuan alisimama mdomo wazi.

“Kumbe nina mke!” alisema. “Na mimi siku zote namwona fundo la kuni.”

Walimwingiza ndani. Walimpandisha kitandani, upande ulio karibu na moto, mahali pa wakubwa, ambapo tangu aolewe hakuwahi kuketi hata kwa kusahau. Mzee alimmiminia pombe moto kwa mkono wake, ndani ya kikombe cha Fulai. Kuna wanawake wamekaa katika nyumba za watu mpaka mvi na hawajawahi kumiminiwa hata maji.

Mama Pang alikuwa ameachwa mlangoni. Alimtazama Maixiang kwa chuki ambayo hakuificha.

“Bado anapumua, ujue,” alisema. “Niliwaona wakimbeba. Hamtaji mchumba wake, hamtaji mama yake. Anakutaja wewe. Anakulaani kwa jina.”

“Alaani upesi basi,” Kuan alisema, na watu wakacheka.

Maixiang alikishika kile kikombe cha moto kwa mikono miwili. Alihitaji kunyamaza tu. Angenyamaza, na mahali pale penye moto pangekuwa pake mpaka afe. Na Laihu angekufa akijua kwamba dada yake alimuuza. Alikitua kikombe.

“Baba,” alisema. “Yin ya nini?”

“Nini?”

“Mlipokaa humu. Ulisema mtawangojea Heishi-yin. Hukusema yin ya nini.”

“Ya mto. Ya nini tena?”

“Mimi nilisikia ya kilima.”

Mzee ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Kicheko kilimtoka usoni kidogo kidogo. Kuan alikuwa bado anatazama huyu na yule.

“Anasemaje? Baba, anasemaje?”

“Nasema nilimwambia avuke ili apone,” Maixiang alisema, sasa kwa sauti ya kusikiwa uani. “Nilitaka mkae nyuma ya kilima na magobore yenu mpaka mgande. Nilikosea. Sikuwasaidia. Nisingewasaidia hata mngenichinja.”

Kuan alichukua mzega uliokuwa umeegemea ukutani, ule wa kuchotea maji. Pigo la kwanza Maixiang alilikinga kwa mkono wa kushoto, na mkono ukalia kama ukuni mkavu. La pili lilimpata mgongoni, la tatu mbavuni, na baada ya hapo alikuwa sakafuni na mapigo yanatoka pande zote, miguu na ngumi na mti wa kukandia unga. Mama mkwe alikuwa akipiga kelele, mmalizeni, mmalizeni. Wangemmaliza, lakini Mzee aligonga dira yake ukutani.

“Si humu! Mwanamke akifia ndani kwa hasira, mnadhani roho yake itakwenda wapi? Itakaa chini ya kitanda changu. Nimeshakuwa na maiti wa kutosha. Mtupeni nje ya ukuta, afie kwenye baridi.”

Waliwatupa wote wawili, yeye na Mama Pang, lango likafungwa. Jua lilikuwa bado lipo. Mama Pang alikaa chini akihema, akamtazama, na ile chuki ilikuwa imemwisha.

“Mwanangu, miguu unayo?”

“Ninayo.”

“Basi inuka. Mkono si wa kutembelea.”

Walipita nyuma ya kilima. Kivuli kilikuwa kizito na barafu ilikuwa imeganda njiani, lakini kwa punda ingepitika. Kwa watu wawili walioumizwa ilipitika. Hapakuwa na alama ya mguu hata mmoja. Maixiang aliona vigogo alikookota kuni na ndugu yake, akatapika damu kidogo juu ya theluji, wakaendelea.

Langoni kwa akina Qu jiwe la kwanza lilimpata paji la uso. Mama yake mzazi alitoka, nywele wazi, akamtemea mate kifuani.

“Umekuja kuhesabu matumbo yake, mtu wa Dang?”

“Mpumbavu wewe, mtazame!” Mama Pang alifoka, akaupandisha mkono wa nguo ya Maixiang uliolowa damu, akawaonyesha mfupa ulivyopinda mahali pasipo na kiungo. “Mtazame huu mkono! Nani anamvunja mtu aliyemfanyia kazi? Mpisheni apite, yule kijana hana muda!”

Walimpisha, si kwa kuamini bali kwa kuuona mkono.

Laihu alikuwa amelazwa kitandani, moto chini yake, tumbo limefungwa kwa kitambaa chekundu cha machela. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga. Alimwona dada yake, akageuzia uso ukutani.

“Umekuja kunimalizia?”

“Laihu, walisema Heishi-yin.”

Walio chumbani walidhani ameshakwenda. Halafu aliurudisha uso, taratibu sana.

“Yin ya nini?”

“Ya mto. Wao wakisema hivyo wanasema ng'ambo ya mto. Mimi sikujua.”

“Na wewe ulisikia...”

“Kule kwenye kuni.”

Laihu alianza kucheka, na kila alipocheka kitambaa kililowa zaidi, na mama yao akamsihi aache. Hakuacha mara moja.

“Miaka yote hii unakunywa maji yao,” alisema, “na bado unasikia kama mtu wa kwetu. Mjinga wewe, dada.” Akavuta pumzi. “Mama, mpishe akae. Amesimama muda mrefu.”

Mama yao alimtazama binti yake, akautazama ule mkono, akasogea. Maixiang alipanda kitandani, upande wenye moto, akaushika mguu wa ndugu yake kwa mkono wake mzima. Hakuuachia mpaka ulipopoa.